Kwa Mdogo Wangu, Aliyesomwa Mbele ya Watu

Mdogo wangu,

Jina lako nimeliacha nyumbani. Humu hamna jina lako, hamna mji unaoishi, hamna kazi unayoifanya, wala jina la mtu yeyote wa ukoo wetu. Mumeo akiisoma barua hii na aisome. Anachokijua alikijua siku ile, na asichokijua hakimo. Kila neno nimelipima kabla ya kuliacha likae: likiangukia mikononi mwa mtu asiyetutakia kheri, litamfaa nini? Lililomfaa nimelifuta. Ungeniona ungecheka. Dada yako, mwenye mdomo uliokuwa ukisikika mpaka nyumba ya tatu, leo anachunga maneno.

Nakuandikia hadharani kwa sababu faragha umeninyima. Nimekutumia ujumbe, ukabaki na alama moja tu, haujafika. Nimekupigia kwa simu ya jirani, uliposikia "mimi dada yako" ukakata. Lakini ukurasa huu wa barua za wasomaji najua unausoma. Ulikuwa ukiusoma tangu ukiwa skuli, ukinisomea mimi nikiwa nakuna nazi, ukiwacheka watu wanaotoa siri zao gazetini. "Mtu mzima na akili zake," ukisema, "hana shoga wa kumwambia?" Naam. Sina shoga wa kumwambia. Niliyekuwa naye nimempoteza.

Kama una shaka barua hii ni ya nani, kumbuka siku mama alipofungua kabati la vyombo vya wageni akakuta kile kitu, nawe ukasema ni cha paka. Sikitaji hapa. Ukweli wake tunaujua wawili tu, na paka ameshakufa.

Unaikumbuka nyumba ya Mtoni, tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, na kinyume tulichokuwa tukizungumza? Tuliona tumevumbua jambo ambalo dunia nzima hailijui. Silabi ya mwisho inaletwa mbele, basi, watu wazima wote wamekuwa viziwi. Ukaniambia mchana kweupe, mama akiwa jikoni, "Ndetwe nipwa." Twende pwani. Na sauti ikatoka jikoni bila ya mtu kugeuka: "Nahapa ndakwe nipwa!" Hapana kwenda pwani. "Na maneno hayo mimi nikiyasema kabla nyinyi hamjazaliwa."

Uliona haya ukajificha nyuma ya pazia. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu nilifahamu pale pale kosa letu lilipo: siri tuliyoitegemea ilikuwa ni namna ya kusema, na namna ya kusema ikishajulikana na mmoja, wanaijua wote. Ilitakiwa kitu ambacho hata mtu akijua namna yake, bado hawezi kufungua. Wiki ile nikatengeneza ile hesabu yangu. Kila herufi namba yake, kisha unaongeza tarehe ya siku, na ikipita ishirini na nne unarudi mwanzo. Mama angeweza kujua kwamba ni herufi na namba, lakini asipojua karatasi imeandikwa tarehe gani, angetoka jasho. Maalim wa chuoni alikikamata kikaratasi chetu mkononi mwako. "Hii hesabu ya nini?" "Ya dukani, maalim." Akaitazama, akatikisa kichwa, akasema mtoto huyu atakuwa mfanyabiashara. Wewe ulikuwa hujui hata kujumlisha bila vidole! Ukarudi nyumbani unaruka. "Dada, hakuweza! Hakuweza!"

Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia siku ile, hata siku niliyofungua karakana.

Nnakwambia hayo kwa sababu naona aibu, na nnataka ujue aibu yangu inaanzia wapi. Ningekuwa sijui, ningesema sikujua. Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilijua.

Karakana unaikumbuka ilivyoanza, sufuria moja uwani na ndoo mbili, watu wakinicheka: sabuni ya mwani, nani ataoga na mwani? Sikukopeshwa na mtu, sikushikwa mkono na mtu. Vipimo vya mafuta na magadi nilivikosea mpaka nikavijua, na sasa mtu akiniamsha usingizini akaniambia kiasi cha mafuta ya nazi, nnamwambia magadi yake kabla sijafumbua macho. Majani ya mkarafuu kutoka Kizimbani, mdalasini, mchaichai, nikaingia mahotelini Shangani na Mizingani nikiwa na kikapu, nikatoka na maagizo. Na maagizo yote yakaja kwa simu, kwenye ile programu ya ujumbe ambayo kila mtu anayo.

Na hapo ndipo ilipozaliwa tabia yangu ile. Mikono yangu muda wote imo kwenye mafuta. Simu ikilia juu ya meza, siwezi kuishika. Basi nikipiga kelele, "Hebu nisomee!" Aliyekuwa karibu aliisoma. Msichana wa kufunga vifurushi, dereva aliyekuja kuchukua mzigo, mtoto wa jirani aliyekuja kuomba maji. Wote waliijua namba ya kufungulia simu yangu, nami niliitangaza kama bei ya mchicha: "Moja tisa sita nne!" Mwaka wa Mapinduzi. Wallahi sijui ni simu ngapi Unguja hii zinafunguka kwa namba hiyo, lakini ningekuwa mwizi ningeanza nayo. Namba nne zinakupa michanganyiko elfu kumi. Elfu kumi! Nami nikachagua ule mmoja ambao kila mtoto wa skuli anaujua.

Wewe uliniambia. Ulikuja siku moja umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, unakula embe kwa chumvi, ukanisikia nikimpigia kelele dereva anisomee. Ukangoja mpaka akaondoka.

"Dada, ujumbe wangu pia unasomewa?"

"Wako nnausoma mwenyewe."

"Na ukija wakati mikono yako imo kwenye magadi?"

"Basi utasema nini cha kuficha, wewe? Mimi muuza sabuni, nani ana shida na mambo yangu?"

Ulifuta mikono, ukachukua simu yangu ukataka kubadilisha namba, nikakupokonya kwa kiwiko. Nikakwambia ujumbe wetu umefungwa, imeandikwa pale pale juu ya mazungumzo: umesimbwa mwanzo hadi mwisho, yaani umegeuzwa fumbo njiani, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Nilikueleza kwa kujigamba, kama ndimi niliyeitengeneza. "Ni kama hesabu yetu ya Mtoni," nikakwambia, "lakini hii ya wakubwa." Ukasema, "Njiani sawa. Ukifika je?"

Ukifika je. Maneno mawili tu. Nimeyasikia kila siku tangu ulipoondoka.

Kisha kaka yetu akaja kunisaidia. Nimemwita kaka, lakini unajua tangu baba alipofariki si kaka tena, ni walii, msimamizi wetu sisi wanawake, na neno hilo kalivaa kama joho. Kazi yake ilikwisha, mama akaniomba nimpe pa kukaa. Nikampa kiti, feni, na kompyuta, ayaone maagizo kwenye kioo kikubwa na kuyachapisha, nami nisisimamishwe kila dakika. Na ili ayaone, niliielekeza simu yangu mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwenye kile kijisanduku cha madoadoa kilichotokea kwenye kioo. Simu ikalia ting. Kompyuta ikafungua kila kitu. Nikaona maagizo ya hoteli yamejipanga, nikafurahi. Sikuona kwamba chini ya hoteli ulikuwepo wewe.

Nadhani sihitaji kukwambia ni mangapi aliyapata. Ulikuwa ukinitumia sauti ndefu, saa za alasiri mumeo akiwa kazini, unatembea chumbani nasikia ndara zako. Nilikuwa nikizisikiliza kwa waya za masikioni, nikijiona mwerevu. Ulinieleza anayokufanyia. Ulinieleza kwamba umekwenda kuuliza kwa Kadhi, kwamba umepata kazi nje, kwamba unataka kuondoka kwa heshima, kwa talaka yako mkononi, umewaaga watu, umemwomba mama radhi. Na kila ulichonitumia kilifika mara mbili: mara moja kwenye sikio langu, na mara moja kwenye kiti chenye feni.

Kikao kile cha Kiembe Samaki, nyumbani kwa mama, sitaki kukirudia, lakini lazima nikirudie, kwa sababu wewe ulitoka kabla hakijakwisha na hukuona yote.

Tuliitwa baada ya sala ya Ijumaa. Nilifikiri ni habari ya nyumba ya Mtoni. Nilikuja na chungu cha pilau. Mama kakaa kwenye mkeka, mumeo kwenye kochi na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka inakata, wewe mlangoni. Kaka akatoa karatasi. Karatasi zangu, mdogo wangu, za kuchapishia maagizo, zenye alama ya jani la mkarafuu pembeni. Wewe hukujua karatasi zile zinatoka wapi. Mimi nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mimi ndio walii wenu," alisema, "na haya nayasoma ili kila mtu ajue tunalea nini."

Akasoma. Sauti zako alikuwa kaziandika neno kwa neno, akazisoma kwa kukuigiza. Ulisimama wima tu. Kisha akasoma ya kwangu. Ile niliyokuandikia kuhusu mama: kwamba mama anajua unachofanyiwa na hataki kujua, na kwamba dawa yake ya kila kitu ni subira kwa sababu si mgongo wake unaoumia.

Mama alivuta kanga akajifunika uso. Nimeona watu wakilia msibani, sijaona kitu kama ile kanga ikipanda taratibu.

Na hapo ndipo uliponigeukia. Hukumtazama mumeo, hukumtazama kaka, ulinitazama mimi. Macho yako yalikuwa yanauliza jambo moja. Na mimi niliyekuwa na mdomo wa kusikika nyumba ya tatu, niliyejibizana na mameneja wa hoteli mpaka wakaomba msamaha, nikasema, "Mimi simo."

Ndivyo nilivyosema. Mimi simo. Kwa karatasi zangu, kwa maneno yangu, kwa ujumbe uliotoka simu yangu. Nilikuwa na maana kwamba sikumwonyesha. Lakini sikusema "sikumwonyesha". Nilisema simo, kama mtu anayeruka dimbwi asilowe. Ukachukua mkoba wako ukatoka, na pilau langu likabaki limefunikwa palepale mpaka likaliwa na waliokuwepo.

Baada yako mama ndiye aliyezungumza. Aliitoa kanga usoni, akamwambia kaka, "Wewe baba yako alikufundisha kusoma Kurani. Nani aliyekufundisha kusoma watu?" Kaka akataka kujibu, akamwambia, "Nyamaza. Umeshasoma vya kutosha leo." Hili nilitaka ulijue. Mumeo aliondoka bila ya kuaga, lakini aliondoka akiwa na kila alichokitaka: jina la aliyekuwa akikusaidia, siku uliyopanga, na wapi pa kukuwekea kikwazo.

Akaweka vikwazo vyote, na wewe ukapita. Kumbe pasi yako ya kusafiria haikuwa pale ulipokuwa umeniambia. Uliiweka kwa mtu mwengine na mimi hukuniambia. Niliposikia niliumia, nikanuna nyumbani peke yangu kama mtoto. Kisha nikafahamu kwamba lile moja ulilonificha ndilo lililokuokoa. Kila nililolijua lilivuja. Piga hesabu hiyo, nami nimeipiga mara nyingi, na jibu ni lile lile.

Lakini uliondoka kama mwizi, wewe uliyetaka kuondoka kwa heshima. Bila ya talaka, bila ya kuagwa, bila ya mkono wa mama kichwani. Hilo nilikunyang'anya mimi.

Na sasa lile la kukulaumu, maana nalo lipo. Ulinihukumu bila ya kunisikiliza. Uliamini kwamba nilikaa na kaka nikamfungulia simu nikamwambia, tazama. Miaka yote ile ya kitanda kimoja, nawe ukaamini! Hilo linaniuma, na sitasema haliniumi ili barua hii ionekane nzuri. Nimeonewa. Nimeonewa na kaka aliyekula kwangu, na nimeonewa na wewe. Lakini kila nikianza kukasirika, nasikia sauti yangu mwenyewe: mimi simo. Mtu aliyesema hivyo ana haki gani ya kudai asikilizwe?

Namna alivyosoma nilikuja kuijua kwa Bi Jaya, yule mjane wa Kihindi mwenye duka la saa karibu na Darajani, ambaye siku hizi anatengeneza simu zaidi kuliko saa. Nilimpelekea simu yangu nikamwambia imeingiliwa, kuna mtu kaitia kitu, aitafute.

Aliivaa miwani yake. "Namba ya kufungulia?"

"Moja tisa sita nne."

Aliinua macho juu ya miwani. "Na wewe pia, bibi?"

Akagusa mara mbili tu, akanigeuzia kioo. Vifaa vilivyounganishwa: kompyuta moja, ilikuwa kazini saa ile ile tuliyosimama pale.

"Hukuingiliwa," akasema. "Umemkaribisha. Umemtilia na chai."

Watu dukani walicheka. Nilicheka na mimi ili wasijue. Kisha nikatoka nikakaa kwenye baraza ya nyumba nisiyoijua. Nilikuwa nimetafuta jasusi, mdogo wangu. Nilitaka awepo jasusi. Nilitaka iwe ni mtambo, ni serikali, ni watu wa mbali wenye akili nyingi kuliko mimi, ili niseme yeyote yule angeshindwa. Palikuwa na kiti tu, na feni, na mtu niliyempa mimi.

Nilipomkabili kaka hakukana hata kidogo. "Ilikuwa wazi mbele yangu," alisema. "Ulitaka nifumbe macho?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo haswa, ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya mlango ukiwa wazi. Akasema walii haambiwi afumbe macho. Hatumo tena pamoja karakanani. Tunapeana salamu misibani.

Nilichokifanya baada ya hapo sikwambii ili unisifu. Nakwambia ili ujue kilivyo sasa, kwa sababu wewe ulikuwa ukipenda kujua vitu vinakwendaje. Kompyuta nimeikata, na maagizo yana simu yake, ambayo haina jina la ndugu wala rafiki ndani yake. Laini yangu, ambayo miaka yote ilikuwa kwa kitambulisho cha kaka, kwa sababu ndivyo tulivyozoea, mwanamme ndiye anayekwenda kusajili, nimeirudisha dukani kwa kampuni ya simu na nimechukua mpya kwa kitambulisho changu. Siku ile ndipo nilipofahamu kwamba angeweza kuomba laini ile irudishwe mkononi mwake na kuwa mimi. Simu yangu sasa haifunguki kwa namba nne. Inafunguka kwa maneno, mstari mrefu wa maneno yasiyo na maana yakiwa pamoja, na nimeyahifadhi kama sura ya Kurani. Kuna namba nyengine ya siri inayoulizwa mtu akitaka kuifungua programu kwenye simu ngeni. Ujumbe ukiingia, kioo hakionyeshi umesemwa nini wala umetoka kwa nani. Ujumbe wenyewe unajifuta. Mwanzoni nilisikitika kuufuta, nikaona kama kutupa picha za watu. Sasa naona ni kama mazungumzo ya kitandani Mtoni: yalisemwa, yakasikika, asubuhi hayakuwepo popote ila vichwani mwetu.

Na simu ikilia mikono yangu ikiwa kwenye mafuta, inalia. Nanawa, nafuta, naisoma mwenyewe. Msichana wa vifurushi alininong'onea siku za mwanzo, "Bi, umegombana na nani?" Nikamwambia na mimi.

Hayo yote yangetosha kabla. Hakuna hata moja gumu. Hakuna lililotaka hesabu ya kutisha. Yalitaka nikuamini tu ulipokuwa juu ya ndoo na embe lako.

Mama yuko salama. Miguu inamuuma. Najua unampigia kwa namba isiyotokea, kwa sababu siku hizo sauti yake inakuwa nyepesi na anataka kupika. Haniambii mnazungumza nini, nami simuulizi. Lile nililoliandika juu yake nimemwomba radhi, nikapiga magoti. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Ulichokiandika ni kweli. Nilichokasirikia ni kusomewa na mwanamme kabla ya kuambiwa na wewe." Akasema tena, "Ningeambiwa na nyinyi wenyewe, pengine ningesikia."

Nimemwomba akufikishie maneno yangu, amekataa. "Mambo yenu semeni wenyewe. Mimi nshachoka kuwa karatasi." Lakini jambo moja amelikubali. Namba yangu mpya anayo. Haikuandikwa popote, si kwenye simu yake wala nyuma ya kalenda. Nilimtajia nikiwa nampaka mafuta miguuni, akairudia mpaka ikakaa, na kila nikienda kumtazama ananitajia bila ya kuombwa, kama anavyotoa darsa. "Akiniuliza nitampa," alisema. "Asiponiuliza simpi. Na wewe usinitume."

Kwa hiyo sikutumii mtu. Liko kwako.

Ukiamua kumuuliza mama, basi sikiliza namna ya kufanya, maana sasa dada yako hazungumzi ovyo. Ukishaiweka namba yangu, fungua jina langu, utafute mahali palipoandikwa usimbaji. Utaona tarakimu sitini, zimepangwa tano tano. Kwangu zitatokea sitini pia. Hazikutungwa na mtu. Zinatokana na ufunguo wako na wangu, na hazilingani na za watu wengine wawili popote walipo. Nimejaribu kupiga hesabu ya michanganyiko yake, moja na sufuri sitini mbele yake, nikaacha, nikacheka peke yangu. Mtu akijipenyeza katikati yetu, za kwako na za kwangu hazitakuwa sawa. Hazitatulinda na aliyekaa nyuma ya bega langu. Huyo nitamzuia mimi, na nyuma ya bega langu siku hizi pana ukuta.

Kisha nipigie. Usiniamkie kwanza. Shikamoo yako nimeikosa kuliko unavyodhani, lakini ije mwisho. Na usinisamehe kwanza, wala usinitukane kwanza, ingawa yote mawili yana nafasi yake. Nitakuwa nimenawa mikono. Nisomee tano za mwanzo. Mimi nitakusomea tano zinazofuata. Halafu wewe, halafu mimi, pole pole, hata kama unahesabu kwa vidole, mpaka zishe.

Zikiwa sawa, ndipo uniamkie.

Dada yako,
asiyesomewa tena na mtu